Vipimo vya jeni za saratani visiwe vya wenye bima pekee

WAKAZI wa Nyayo Highrise, katika eneobunge la Lang'ata jijini Nairobi, wanatazamana na mapaa ya mabati ya Kibera. Mwenye bima ya mwajiri huku na kibarua asiye na bima kule huenda wakawa ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo suala la vipimo vya jeni za saratani linapokuwa la haki, wala si la sayansi pekee.

Inakadiriwa kwamba Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 mwaka wa 2022, huku watu zaidi ya 29,000 wakifariki. Ni kati ya asilimia 5 na 10 tu ya saratani zinazotokana na kasoro za kurithi. Kwa hivyo, kudai kwamba kila Mkenya apimwe jeni ni kupotosha umma.

Hata hivyo, kwa familia zinazohusika, kipimo hiki chaweza kuokoa maisha. Mwanamke aliyerithi kasoro katika jeni ya BRCA1 au BRCA2, zilizotambuliwa mwaka wa 1994 na 1995, ana uwezekano unaozidi asilimia 60 wa kuugua saratani ya matiti maishani mwake. Akijua mapema, ataanza kuchunguzwa akiwa angali kijana, au atashauriana na daktari kuhusu dawa na upasuaji wa kujikinga. Kwa aliyekwisha kuugua, matokeo humwongoza daktari kuchagua dawa.

Utaratibu ufaao ni kuanza na mgonjwa. Kasoro ikipatikana, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja, wa kiume kwa wa kike, kwa kawaida ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Kwa sababu hiyo, majibu ya dada aliye Nyayo Highrise yanamhusu pia dada aliye Laini Saba. Mmoja akipimwa na mwingine akaachwa, kazi imefanywa nusu.

Mwaka wa 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa jeni ya asili haiwezi kumilikiwa kwa hataza. Ushindani uliongezeka na bei zikashuka. Lakini bei nafuu haitoshi bila ushauri nasaha, kwani Waafrika wamefanyiwa utafiti mchache, na baadhi ya majibu huwa hayaeleweki bayana.

Serikali ingeanza na hatua isiyo ghali: kila mgonjwa wa saratani ya matiti au ya ovari aulizwe historia ya ukoo wake. Kisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ibainishe nani atalipiwa kipimo, na jamaa zake watafikiwa vipi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa michango ya matibabu, mara nyingi baada ya ugonjwa kuenea.