Swali la Vijana wa Gereji Halistahili Kuchekwa

Miongoni mwa vijana wa jua kali mjini Garissa kuna swali linalorudi kila zinapozungumzwa injini za kuongezwa nguvu: ikiwa tabochaja huipa injini nguvu, na supachaja nayo huipa nguvu, mbona fundi asizifunge zote mbili katika gari moja? Wakubwa wao huwacheka. Baadhi ya walimu wenzangu nao huwacheka, wakiliona swali hilo kuwa porojo za watu wasio na kazi. Mimi nashikilia kwamba ni mojawapo ya maswali bora ya fizikia yanayoweza kuulizwa na mtu asiye na daftari mkononi, na kwamba kulipuuza ni hasara kwetu sisi tunaolipwa kufundisha.

Tuanze na mambo yenyewe. Injini huunguza mafuta kwa hewa. Hewa ikiwa haba, kuongeza mafuta ni kuongeza moshi tu. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Huanza kazi mara injini inaponguruma, ila hula sehemu ya nguvu zile zile inazosaidia kuzalisha. Tabochaja, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, yaani kwa nguvu ambazo zingepotea angani. Kasoro yake ni kuchelewa: moshi ukiwa mchache gurudumu lake halipati kasi, na dereva hukanyaga kisha akangoja. Anayeujua mchanga wa laga za huku kwetu ataelewa mara moja taabu ya kungoja huko, kwani gari lililozama huhitaji nguvu injini ikiwa bado inazunguka polepole. Kijana anayetaka mashine mbili hatafuti maajabu. Anataka ya kwanza imtoe mchangani na ya pili imfikishe Wajir.

Wala hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Waitaliano wa Lancia waliunda Delta S4, gari la mbio lenye injini ya sentimita za ujazo 1,759 iliyofungwa supachaja na tabochaja pamoja, nalo likashinda mashindano ya RAC nchini Uingereza mwezi Novemba 1985. Nissan walifanya vivyo hivyo mwaka 1989 katika kigari chao cha March, injini ya sentimita 930 tu ikatoa nguvu za farasi 110. Mwaka 2005 Volkswagen waliingiza mpango huo katika Golf ya lita 1.4, ambayo ilipata nguvu za farasi 170, na magari ya aina hiyo yameingia Kenya kwa wingi kama mitumba. Basi anayemwambia kijana kwamba jambo hilo haliwezekani anamdanganya.

Lakini magari hayo yana upande wa pili wa kusimuliwa. Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto waliangamia ndani ya Delta S4 tarehe 2 Mei 1986 katika kisiwa cha Corsica, na magari ya kundi hilo yakapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987. Ile injini ya Volkswagen ilijipatia sifa mbaya ya kula oili na kuvunja pistoni; injini ya lita 1.4 iliyoirithi kuanzia mwaka 2012 ilibakiza tabochaja peke yake. Ni kwa nini? Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kushika chaki.

Mashine mbili zikipokezana hewa, kazi zao hazijumlishwi bali huzidishwa. Supachaja ikiikandamiza hewa mara 1.5 na tabochaja ikaikandamiza tena mara 1.6, matokeo si 3.1 bali ni 2.4. Na hewa inayokandamizwa hupata joto, kama ajuavyo kila aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli akashika pampu. Chukua hewa ya Garissa ya alasiri, digrii 38 za Selsiasi. Kwa pampu zenye ufanisi wa asilimia 70, bila kifaa cha kuipoza hewa njiani, hewa hiyo itatoka ya kwanza ikiwa na digrii zipatazo 93, na ya pili ikiwa imepita 160. Hewa ya namna hiyo ikiingia katika injini ya petroli, mafuta hujiwasha kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni hupasuka. Rejeta ya kupozea hewa husaidia, lakini haiwezi kuishusha chini ya joto la hewa inayoipuliza, na ya Garissa ndiyo hiyo hiyo ya digrii 38.

Hapa sina budi kutaja jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa gerejini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Garissa mita 150 hivi. Shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 17. Hata ukiondoa hasara ya joto letu, injini isiyo na tabochaja inayoshuka kutoka huko kupitia Mwingi hupata hewa nzito zaidi kwa zaidi ya asilimia 10 ifikapo daraja la Mto Tana. Tumepewa supachaja ya bure, nasi tunalalamikia jua!

Nije sasa kwenye gari ambalo kila mtu hapa analifahamu, yaani Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabochaja, ambayo imebeba watu, mbuzi, maji na wagonjwa katika kaunti zote tatu. Wapo wanaoifunga tabochaja wapate nguvu zaidi. Injini hiyo iliundwa kuikandamiza hewa ndani ya silinda takriban mara 22 kwa kuwa haikutarajiwa kupewa hewa ya ziada. Toyota wenyewe walipounda ndugu yake wa tabochaja, 1HD-T, walishusha kipimo hicho hadi kati ya 18 na 19, tena wakabadilisha namna mafuta yanavyoingizwa. Basi fundi anayeifunga 1HZ tabochaja moja tu tayari anakopa, na akikithirisha deni hulipwa kwa gasketi, kichwa cha injini au pistoni iliyoyeyuka. Akiongeza supachaja juu yake anakopa mara mbili kwa rehani ile ile. Kwa ushauri wangu, mwenye haja ya kutoka mchangani apunguze upepo wa magurudumu na aingize gia ndogo.

Vumbi nalo si la kusahauliwa, kwani gurudumu la tabochaja huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kichujio cha hewa kilichotoboka hugeuza mchanga mwembamba kuwa tupa. Sisemi lolote hapa juu ya breki, ingawa aliyepishana usiku na magari ya miraa atajua kwa nini nimezikumbuka.

Mahesabu niliyoyataja si ya chuo kikuu. Kanuni za gesi zimekuwa zikifundishwa Kidato cha Tatu kwa miaka mingi. Kilichozidi ni kipeo kimoja, ambacho mwalimu anaweza kukitoa tayari. Basi kwa nini yule kijana hakuzipata? Kwa wengi jibu ni kwamba hapakuwa na wa kuwafundisha. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe tarehe 13 Januari 2020, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walioondoka, uhai hauna mbadala. Lakini waliokuwa darasani mwaka ule sasa ni watu wazima, na baadhi yao ndio wanaoshika spana wakiuliza swali tunalolicheka. Aliyebaki bila mwalimu wa fizikia hakubaki bila fizikia. Alikutana nayo chini ya boneti, pasipo mtu wa kumsomea ramani.

Napendekeza tuwaendee. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichofunguliwa tena Januari 2016 baada ya shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148, hufundisha walimu. Wapewe mazoezi si katika shule peke yake bali pia katika gereji, kwa Kiswahili na Kisomali, ambazo ndizo lugha za kazi humo. Walimu wa sekondari nao wapeleke madarasa yao, wasichana wakiwamo, mahali lori linapofunguliwa injini. Tabochaja mbovu haina bei kubwa. Mafundi huitupa kando. Mwanafunzi aliyeizungusha kwa kidole, akaona upande wa moshi na upande wa hewa vikishikwa na mhimili mmoja, hatahitaji kukariri.

Kisha wapime. Hewa inayoingia, hewa inayotoka, shinikizo kabla na baada, halafu waketi kivulini wakokotoe kama mashine ya pili ingefaa au ingeua injini. Jambo moja tu waliweke akilini kabla ya kuondoka shuleni: kipimajoto cha kawaida cha maabara huishia digrii 110, na kwa hewa itokayo kwenye tabochaja siku ya jua kali, itawabidi wakaazime kingine kwa fundi.