"Sijambo" Si Jibu la Kumpa Daktari



Katika lugha yetu salamu huja na jibu lake. Mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama hajalala usiku kucha. Akiulizwa habari za nyumbani hujibu "Nzuri", kisha baada ya kitambo huongeza "ila...", na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Huo ni uungwana tuliorithi, wala hatuna nia ya kuubeza. Hata hivyo, mwezi huu tumeona ni vyema tueleze jinsi uungwana huo unavyoweza kumnyima mgonjwa tiba iliyo karibu naye.

Tiba tunayoikusudia ni ya sonona na ya hofu isiyokwisha, maradhi ambayo wengi wetu huyaita "mawazo". Kule nyumbani, aliyezidiwa na mawazo alihofia kupelekwa Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi, na majina ya hospitali hizo yaligeuzwa kuwa matusi ya mitaani. Hofu hiyo tumesafiri nayo hadi Dallas, Fort Worth na Houston. Mgonjwa humwendea daktari wa kawaida kwa ajili ya kichwa, tumbo au kukosa usingizi, na lililo moyoni hurudi nalo nyumbani.

Utaratibu uitwao tiba ya ushirikiano unamfaa hasa mtu wa namna hiyo. Ulijengwa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na madaktari Wayne Katon, Jürgen Unützer na wenzao. Mgonjwa haondoki katika kliniki yake ya kawaida, na daktari wake ndiye anayemwandikia dawa. Pamoja na daktari huyo yupo mratibu wa matibabu, aghalabu muuguzi au mtaalamu wa ustawi wa jamii, ambaye humpigia mgonjwa simu mara kwa mara, humshauri, na huandika maendeleo yake katika daftari la wagonjwa wote. Wa tatu ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Huyu aghalabu hamwoni mgonjwa ana kwa ana. Kila wiki hupitia daftari pamoja na mratibu, na kutoa ushauri juu ya wale wasiopata nafuu.

Faida yake imepimwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulihusu watu 1,801 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, katika kliniki 18 za majimbo matano, Texas likiwamo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 45 ya waliohudumiwa na timu walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi. Kwa waliopata matibabu ya kawaida, ilikuwa asilimia 19 tu.

Na asiseme mtu kwamba sonona ni maradhi ya Wazungu. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wakazi waliopewa mafunzo ya wiki mbili waliongoza vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi hivyo walikuwa kama 7 katika kila 100, na katika vijiji visivyo navyo kama 55.

Sasa turudi kwenye "sijambo". Timu hii huongozwa na karatasi yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Kinyume cha mtihani wa shule, hapa mwenye alama nyingi ndiye aliye taabuni; alama 10 na kuendelea humtaka daktari achunguze zaidi. Anayejibu "hapana" mahali pote kwa sababu ameulizwa na mgeni huonekana mzima katika daftari, na hakuna atakayemtafuta. Vilevile aliyekwisha kuanza dawa akisema "nimepona, ahsante" ili kumridhisha mratibu, dawa isiyomfaa haitabadilishwa. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Swali la tisa huuliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au kujidhuru. Tufikirie mama anaulizwa hayo kupitia mdomo wa mwanawe wa miaka kumi. Atajibu nini? Kliniki inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inawajibika, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kutoa msaada wa lugha bila malipo, na kanuni za afya haziruhusu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani ila katika dharura. Anayechelea siri yake kufika mtaani aombe mkalimani wa simu, mtu asiyemjua.

Jambo la pili ni simu. Wengi wetu hatupokei namba ngeni, kwa kuogopa wadai na matapeli, na wafanyao kazi usiku hulala mchana. Mratibu naye huita kwa namba ngeni, mchana. Basi kabla ya kutoka kliniki, iandike namba yake kwa jina, na mpatane saa utakayokuwa macho. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake; simu hiyo ndiyo humzuia mgonjwa asiziache mapema, na ndiyo hugundua zinapomdhuru.

Kuhusu gharama, Medicare imelipia huduma hii tangu 2017, na Medicaid ya Texas tangu 2022. Hata hivyo huenda sehemu ya malipo ikamwangukia mgonjwa, basi aulize kabla ya kukubali. Asiye na bima aulize msaada wa malipo Parkland kule Dallas, JPS kule Fort Worth, au Harris Health kule Houston. Kila kaunti ina masharti yake ya kipato na makazi. Si kila kliniki ina timu ya namna hii, kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "Je, hapa mna mratibu wa afya ya akili anayefanya kazi pamoja na daktari wangu?"

Dua na maombi tuendelee nayo. Hakuna daktari wa timu hii atakayeyakataza. Bali mwenye mawazo ya kujiua asingoje miadi. Apige 988, usiku au mchana, naye aombe mkalimani wa Kiswahili. Na aliye naye nyumbani asimwache peke yake.

Tukutane mwezi ujao, majaliwa.