Undugu Peke Yake Hautoshi

Anayedai Mwanza haina wasio na makazi, kwa kuwa kila mtu ana ndugu wa kumpokea, amehesabu wanaolala barabarani tu. Afike soko la samaki la Mwaloni Kirumba usiku, aone wachukuzi wa dagaa waliojilaza juu ya magunia. Aulize Igogo kuhusu mjane anayetandika mkeka sebuleni kwa shemeji wageni wakishaondoka, na kuukunja kabla ya alfajiri. Huyo ana paa, hana kwake.

Kanisa linaweza kumfikia: maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo mwaka 1976, na ndizo zinazomjua jirani kwa jina. Kinachomkwamisha mjane huyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa inayodaiwa kwa mkupuo. Jumuiya iichange. Kwa Isaya 58, kumpokea asiye na makao ndiyo saumu yenyewe.