Draiva nayo ina wajibu

Mwandishi, katika makala yako lawama zote umemtwisha anayechomoa flashi ghafla. Mimi nachapa na kutoa kopi hapa Kalinzi. Msimu wa kahawa mtu ana hesabu za mizani kwenye flashi, gari la kuteremka Kigoma mjini linapiga honi nje. Hasubiri, anachomoa. Hilo halizuiliki, basi programu inayoendesha kifaa, yaani draiva, ndiyo ijiandae.

Draiva nzuri haichukulii kuwa kifaa kipo daima. Si flashi tu; chukua mfano wa kifaa cha PCI, kama kadi ya kuchomeka: kikishaondoka, kusoma rejista yake hurudisha biti zote zikiwa 1. Draiva inayosubiri biti fulani igeuke 0, bila kikomo cha muda, itasubiri milele na kompyuta inaweza kuganda. Inatakiwa ilitambue jibu hilo, ikatae maombi mapya, iyamalize yaliyo njiani kwa kurudisha hitilafu, na isiachilie kumbukumbu yake hadi programu ya mwisho inayotumia kifaa ikifunge. Hapo kwenye kumbukumbu ndipo watengenezaji wengi hujikwaa.

Hata hivyo, data ambayo haijatoka kwenye RAM haiokoki hata kwa draiva nzuri. Ndiyo maana Windows 10 toleo la 1809, la mwaka 2018, lilifanya uondoaji wa haraka kuwa mpangilio wa kawaida: data haiwekwi kando kusubiri kuandikwa. Kuchomoa katikati ya kunakili bado ni hasara, hilo nakubaliana nawe.

Nakuomba makala ijayo uwaandikie watengenezaji: kabla ya kutoa draiva, wakichomoe kifaa kikiwa kazini, tena mara nyingi.