Karata zenye mwenyewe

Sisi watu wa mwambao tukitaja karata, kila mtu huelewa ni zipi. Ni shupaza, kopa, uru na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno pamoja na neno karata lenyewe, na turufu pia. Seti moja hununuliwa dukani na imekwisha kamilika. Anayenunua Kibokoni na anayenunua Lamu wana ree zile zile nne, wala hakuna mtu duniani awezaye kusimama akasema kuwa mchezo ule ni mali yake.

Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja likizo kutoka ng'ambo, akazitandaza karata zake juu ya mkeka barazani, mimi na wazee wenzangu tulidhani tutafundishwa mchezo mpya kwa jioni moja tu. Lo! Zilikuwa na picha za majoka, mashetani na wachawi, na kila moja ina maandishi yake kama sheria ndogo.

"Hizi hununui zote pamoja, mjomba," akaniambia. "Wanunua pakiti, na hujui ndani mna nini mpaka uifungue."

Nikamwuliza swali ambalo mzee yeyote wa Kiislamu angeliuliza: je, mwanangu, hii si kamari? Alicheka, akasema huo ni mchezo wa akili, una mabingwa wa mataifa na bingwa wa dunia. Jawabu lake halikunitosha. Nikaanza kuifuatia habari ya mabingwa hao, hasa wa Marekani ulikozaliwa mchezo wenyewe.

Mchezo huo waitwa Magic: The Gathering. Ulitungwa na Richard Garfield, msomi wa hisabati, ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo. Chapa ya kwanza ilikuwa na karata kiasi cha milioni 2.6, nazo zilikwisha upesi. Kila mchezaji hujiundia fungu lake mwenyewe. Katika mashindano ya kawaida fungu halipungui karata 60, na isipokuwa zile za ardhi ya kawaida, hairuhusiwi kuweka zaidi ya nne za jina moja. Yaani nusu ya mchezo huchezwa nyumbani, mtu akiwa peke yake, akichagua na kutupa.

Sasa msomaji asikilize hili. Katika kanuni za mwanzo, kila mchezaji alitoa karata moja ya fungu lake bila kuichagua, ikawekwa kando, na mshindi akazichukua zote mbili zikawa zake. Hilo ni dau, hakuna jina jingine. Mpwa wangu hakulijua, kwa sababu alizaliwa dau likiwa limekwisha kufa. Wachezaji wengi hawakupenda kupoteza mali yao kwa namna hiyo, na karata zilizohusu dau zilipigwa marufuku mashindanoni tangu miaka ile ya mwanzo. Waama, Wamarekani wale hawakuliondoa kwa ajili ya dini, lakini waliliondoa.

Bingwa wa kwanza wa dunia alipatikana Milwaukee mwaka 1994, naye ni Zak Dolan wa Marekani. Mwaka 1995 ubingwa wa taifa la Marekani ulichukuliwa na Mark Justice. Tangu hapo ikawa desturi kila mwaka: mtu hupenya kwanza katika mashindano ya eneo lake, kisha huenda kwenye ya taifa, na wanaotangulia huko hufanywa timu ya nchi yao kwenda kupambana na mataifa mengine. Nchi nyingi zilifuata mtindo huo huo.

Ushahidi ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2000. Jon Finkel alitwaa ubingwa wa Marekani, na mwaka huo huo akaenda Brussels akatwaa wa dunia. Katika fainali alikutana na Mmarekani mwenzake, Bob Maher, na mafungu yao mawili yalikaribia kuwa sawa kabisa, karata kwa karata. Wapime watu wawili namna hiyo, ukaone kinachobaki. Bahati ya kuchota ipo, nani atakataa? Hata kwenye wahedi wa sitini ipo. Lakini bahati peke yake haimchukui mtu mmoja mara mbili kwa mwaka akawapita mamia ya watu. Hapo nilimpa mpwa wangu haki yake.

Ila haki hiyo nusu. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Hasbro, watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea, na mwenye karata alibaki ndiye mwenye kanuni, ndiye mwenye mashindano, ndiye mwenye kutoa taji. Mwaka 2011 Ali Aintrazi alishinda ubingwa wa Marekani mjini Indianapolis, kisha ubingwa wenyewe ukafutwa. Haukufutwa na serikali wala na chama cha wachezaji. Mahali pake pakawekwa kombe la timu za mataifa, kuanzia 2012. Mwaka 2017 taji likarudishwa, Oliver Tomajko akalishinda. Likashindaniwa tena 2018, na mwisho wa mwaka huo ikatangazwa kwamba ubingwa wa mataifa na lile kombe vyote havitaendelea, huku zikiahidiwa zawadi za dola milioni 10 kwa mwaka 2019, mezani na kwenye kompyuta. Fikiri mtu amejitayarisha miaka sita kuwa bingwa wa nchi yake, akaambiwa cheo hicho hakipo tena. Aende kwa nani kushtaki?

Na lile swali langu? Mwaka 2001 wanavyuoni wa Saudia walizikataza karata za Pokémon, na moja ya sababu zao ni kuwa zina sura ya kamari. Wakati huo aliyekuwa akiziuza Marekani ni kampuni hii hii ya Wizards. Wengi walicheka Ulaya. Mimi sicheki, ijapokuwa nadhani ubaya uko mahali pengine. Mezani dau limekwisha ondoka, lakini ndani ya pakiti limebaki. Mwaka 2022 mchezo huu uliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2023 ilitolewa karata moja tu ya namna yake duniani, ikafichwa ndani ya pakiti mojawapo, na ilipopatikana ikanunuliwa na mwimbaji Post Malone kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 2. Ni vijana wangapi walifungua pakiti kwa ajili ya hiyo moja?

Nilipomweleza hayo mpwa wangu hakucheka tena, wala hakukubali. Alipoondoka aliniachia mafungu mawili yaliyokwisha kuundwa, kila karata yajulikana, nasi wazee twayachezea baada ya alasiri, miwani puani. Aliniachia na pakiti moja ambayo haijafunguliwa. Hiyo nimeifungia kabatini, na wajukuu wamekwisha niuliza ufunguo mara tatu.