Msalaba Usio Wake

Ndugu askari, mwezi Februari mwaka 2020, katika makaburi ya kijeshi ya Wamarekani mjini Manila, Ufilipino, misalaba mitano iliondolewa na mahali pake pakasimamishwa Nyota ya Daudi. Waliolala hapo walikuwa Wayahudi, waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Kwa miaka sabini na zaidi walilala chini ya alama ya dini isiyo yao.

Kosa hili lilitokeaje? Kila askari wa Marekani alivaa shingoni kibati chenye jina, namba na herufi ya dini yake. Ya Myahudi ilikuwa H. Baadhi ya waliopelekwa Ulaya waliikwepa herufi hiyo, wakijua mateka Myahudi angetendewa nini na Wanazi. Wengine walizikwa upesi upesi, na karani asiye na habari kamili akaandika Mkristo. Shirika liitwalo Operation Benjamin huchambua majalada ya zamani, huwatafuta jamaa, kisha huiomba serikali ya Marekani ibadilishe jiwe.

Atatokea mtu aulize: maiti ajua nini? Mimi naandika kutoka Kabuga. Hapa, mwaka 2018, yalifukuliwa makaburi ya halaiki ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na watu walikuja kutafuta jamaa zao kwa kutazama vipande vya nguo. Swali hilo haliulizwi hapa.

Na Mmarekani yule angalau alikuwa na jiwe la kusahihishwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika waliotumikia Vita Kuu ya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina yao. Wapagazi wa Afrika Mashariki wamo humo. Orodha zao nyingi hazikutunzwa. Leo utasahihisha nini?

Vijana wetu wamehudumu Darfur, Afrika ya Kati na Msumbiji, na si wote waliorudi hai. Karani huona jina la Jean akaandika Mkatoliki, kumbe mwenyewe ni Msabato. Basi kabla ya kupanda ndege, kila mmoja aombe kusoma jalada lake, mstari wa dini na wa jamaa wa karibu, na penye kosa aseme papo hapo. Karani naye asinune.