Kahawa na kashata ziwapokee wageni wa Ras Kisimani

Uholanzi haina shamba la mbuni, wala mdalasini hauoti katika udongo wake. Hata hivyo, biskuti ya mji wake wa Gouda, iitwayo stroopwafel, imeenea duniani kama kitafunio cha kahawa na chai. Ni vipande viwili vyembamba vya unga vilivyochomwa kwenye chuma chenye miraba, vikagandishwa kwa shira nzito ya sukari, siagi na mdalasini. Mlaji huiweka juu ya kikombe cha moto, mvuke ukapanda, shira ikalainika, ndipo akaimega. Mapishi ya kale zaidi yanayojulikana ni ya mwaka 1840, na inasimuliwa kwamba waokaji wa Gouda walianza na makombo yaliyobaki jikoni, wakayatia shira, wakawauzia watu wa kipato cha chini. Kilichoifikisha biskuti hiyo mbali ni ile desturi ya kuila pamoja na kikombe, na mji uliokubali kuiita yake. Naamini kisiwa cha Mafia kinaweza kufanya hivyo kwa kashata ya nazi, na pa kuanzia ni Ras Kisimani.

Desturi yenyewe tunayo tangu zamani. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, kahawa ya barazani hunywewa chungu, bila sukari, katika kikombe kidogo kinachojazwa kutoka kwenye dele lenye makaa chini yake, na utamu wake ni kashata inayotafunwa pembeni. Utaalamu uliomo si mdogo. Sukari huyeyushwa mpaka ibadilike rangi iwe ya kahawia. Ikipitiliza kidogo tu, inaungua na kuwa chungu. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi hutiwa pamoja na iliki, ikakorogwa kwa mwiko bila kupumzika, kisha ikamwagwa kwenye sinia iliyopakwa mafuta na kukatwa ingali moto, maana ikishapoa hupasuka ovyo. Mpishi hana saa wala kipimajoto, anategemea jicho na pua. Ufundi huu hauna sababu ya kuuonea haya ule wa Gouda.

Mafia ni kisiwa cha minazi. Mashamba yake makubwa yalistawishwa karne ya 19, wakati wa utawala wa masultani wa Zanzibar, na hadi leo nazi nyingi hupakiwa kwenda bara bila kusindikwa. Nazi ikiondoka hivyo, kazi ya kukuna, kupika, kufungasha na kuuza inaondoka nayo, na faida ya kazi hizo pia. Ras Kisimani, rasi ya kusini-magharibi inayotazamana na delta ya Rufiji, iliwahi kuwa mji wa biashara ulioshirikiana na Kilwa. Neville Chittick alichimba magofu yake na kuchapisha ripoti mwaka 1961, na bahari imeshakula sehemu kubwa ya mji huo. Leo wageni hufikishwa hapo kwa mashua kuogelea na kula chakula cha mchana ufukweni. Mgeni aliyekaa pwani hiyo siku nzima angestahili kuondoka na ladha ya kisiwa mdomoni, na pakiti mkononi.

Wako watakaosema sukari imeshatuletea maradhi ya kutosha. Hoja hiyo ni nzito, kwa kuwa kisukari kinaongezeka na si jambo la kupuuzwa. Lakini desturi ya kahawa chungu ina kiasi chake ndani yake: kinywaji hakitiwi sukari kabisa, na kipande kimoja kidogo huliwa polepole kwa vikombe viwili au vitatu. Kopo moja la soda ya kola la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, na humalizwa kwa dakika chache. Kinachotakiwa ni kukata kashata ndogo na kuandika uzito na viungo vyake kwenye pakiti. Mwenye kisukari aambiwe ukweli, naye achague kahawa peke yake.

Wengine watasema kashata haidumu, na kwamba sukari na kahawa zenyewe hazitoki Mafia. La kwanza ni la kweli pale kashata inapofungwa kwenye karatasi ya gazeti: unyevu wa pwani huilegeza na mafuta ya nazi huchacha. Dawa yake ni nazi iliyokaushwa vizuri, pakiti isiyopitisha hewa na tarehe ya kutengenezwa, mambo ambayo SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na Shirika la Viwango zipo kuyasaidia. La pili limeshajibiwa na Gouda yenyewe. Kahawa yake yote huvuka bahari, ilhali yetu inatoka Kagera, Kilimanjaro na Mbinga, ndani ya nchi moja.

Ipo pia hofu kwamba kitafunio kikishakuwa cha wageni, bei itapanda na mnywaji wa barazani atakikosa. Hofu hiyo ichukuliwe kwa uzito, kwa sababu desturi ikihama barazani inakufa. Kwa hiyo kashata ya kijiweni ibaki ya kijiweni, kwa bei ya kijiweni, na ile ya pakiti iuzwe kwa anayesafiri. Hatua ya kwanza haihitaji kiwanda. Kila mashua inayopeleka wageni Ras Kisimani ibebe dele moja, vikombe, na sinia ya kashata iliyonunuliwa kwa bei ya haki kwa kina mama wa kisiwani waliokuna nazi hiyo wenyewe.